Kamba mchanga hahimili chumvi kama mama yake

Wengi Bagamoyo huona kamba wakivuliwa kwenye delta ya Ruvu, maji baridi na bahari vikikutana, wakahitimisha kuwa kamba wa umri wowote huishi popote. Sivyo. Mama hutagia baharini, na kiluwiluwi huhitaji chumvi ya gramu 28 hadi 35 kwa lita. Matamvua yake bado hayajakamilika: ukimtia kwenye maji hafifu, maji humwingia mwilini, chumvi yake hutoka, naye hufa.

Baada ya siku kumi hivi za kubadilika umbo huwa kamba mdogo kamili, lakini hata hapo msimharakishe! Vifaranga wa siku 10 hadi 15 tangu hatua hiyo ndio wenye matamvua yanayoweza kusukuma chumvi ndani.

Mfuko wa vifaranga wa kufuga ukifika, uelee bwawani dakika 20 hadi 30 joto lilingane. Kisha wahamishie kwenye ndoo yenye pampu ya hewa, udondoshee maji ya bwawa kwa mpira mwembamba, chumvi ishuke gramu 2 tu kwa lita kila saa. Kutoka 32 hadi 16 ni saa nane, na kila saa pima kwa refraktomita, kifaa cha kupimia chumvi ya maji. Wakilala ubavu au miili ikigeuka myeupe, simamisha kwanza. Wanaojivua gamba ndio hutangulia kufa.

Masika nayo yana hila yake: maji ya mvua huelea juu ya yale ya chumvi. Pima juu na chini, kisha toa tabaka la juu.