Barua mbili za udahili, kiti kimoja: ninavyochagua programu ya uzamili wa afya ya umma

Kila msimu wa udahili napokea ujumbe wa aina moja: "Nimekubaliwa MPH chuo hiki na MSc chuo kile, niende wapi?" MPH ni uzamili wa afya ya umma, MSc ni uzamili wa sayansi. Kabla sijajibu lolote huwa naomba kitu ambacho wengi hawajawahi kufikiria kukitafuta. Nitumie vichwa vya kazi za mwisho za wahitimu watano wa mwaka jana, kutoka kila programu. Ada tutaizungumza baadaye, na orodha zinazopanga vyuo kwa ubora nazo zisubiri. Mimi nataka kwanza kuona watu wanaotoka pale wanatoka wakiwa wamefanya nini kwa mikono yao.

Mimi ni mtaalamu wa epidemiolojia, sayansi ya kuchunguza jinsi magonjwa yanavyoenea na yanasababishwa na nini. Nimekaa upande wa anayeomba, nikakaa upande wa anayechambua maombi, na sasa nakaa upande wa anayeajiri. Huku upande wa tatu ndiko nilikogundua kwamba jina la shahada linasema machache sana.

Nikupe mfano wa kazi yenyewe. Kwenye makazi ya wanafunzi umezuka ugonjwa wa kuhara. Timu imehoji wagonjwa 40 na wenzao 40 wasiougua. Kati ya wagonjwa, 30 walikunywa maji ya tangi la nyuma. Kati ya wazima, 10 tu. Ukichora jedwali la safu mbili kwa mbili, 30 mara 30 ukagawa kwa 10 mara 10, unapata 9. Huo ndio uwiano wa odi, kipimo cha nguvu ya uhusiano kati ya tangi na ugonjwa, na kwa mtu aliyesoma epidemiolojia muhula mmoja, tangi limeshakamatwa.

Mtu aliyesoma mihula mitatu ya takwimu hafungi daftari hapo. Anauliza: wanaokunywa maji ya tangi la nyuma si ndio hao hao wanaoishi jengo la nyuma? Je, jengo hilo halitumii vyoo vyake peke yake? Huenda tangi linabebeshwa kosa la choo. Kwa hiyo anagawa data kwa majengo, anaendesha regresheni ya logisti, hesabu inayotenganisha mchango wa kila sababu, anaangalia kama ile 9 inabaki 9 au inashuka hadi 2, na anaangalia pia mipaka ya makadirio ina upana gani, maana watu 80 si wengi.

Wakati huo huo, pembeni ya meza hiyo hiyo, kuna mtu wa tatu ambaye hajali sana kama ni 9 au ni 6. Anachowaza ni nani mwenye mamlaka ya kufunga tangi leo jioni, maji mbadala yatatoka fungu gani, na wakazi wataambiwa nini ili wasianze kukimbia na ugonjwa kwenda nao makwao. Wa nne anasubiri vumbi litulie ili aulize kwa nini jengo lile lilijengwa bila usimamizi wa maji tangu mwanzo, na ni kanuni gani ibadilishwe.

Wote wanne wana shahada ya uzamili ya afya ya umma. Unapochagua programu unachagua kiti kwenye meza hiyo, na watu wengi huchagua chuo kwanza halafu ndipo wanagundua wamekalia kiti gani.

Huu mkanganyiko una umri wa zaidi ya karne. Mwaka 1915, William Welch, daktari na mwanasayansi, na Wickliffe Rose, mtendaji wa miradi ya afya ya Rockefeller, waliandaa ripoti kwa ajili ya wakfu huo wa Rockefeller kuhusu namna ya kufundisha watu wa afya ya umma nchini Marekani. Rose alitaka mfumo wa kuzalisha maofisa wa afya wengi, wenye mazoezi ya uwandani. Welch, aliyekuwa na macho kwenye taasisi za utafiti za Ujerumani, alitaka chuo cha sayansi. Mwelekeo wa Welch ulishinda, na mwaka 1916 ikaanzishwa shule ya Johns Hopkins. London ilikuwa na njia yake: shule iliyoanzishwa na daktari Patrick Manson mwaka 1899 ilizaliwa kufundisha madaktari magonjwa ya nchi za joto. Ukijua hayo hutashangaa kwamba mpaka leo programu mbili zenye jina moja zinaweza kuwa wanyama wawili tofauti. Ubishi wa Rose na Welch haujaisha, umehamia kwenye mitaala.

Kwa kawaida, MPH ni shahada ya kitaaluma ya utendaji: unapita kwenye maeneo mengi, unafanya mafunzo kwa vitendo kwenye taasisi, unamaliza na mradi. MSc ni shahada ya kina: eneo moja, mbinu nyingi, tasnifu. Marekani wanayo pia MSPH, uzamili wa sayansi katika afya ya umma, ambayo mara nyingi huegemea utafiti kuliko MPH, na MHA, uzamili wa utawala wa afya, kwa wanaotaka kuendesha hospitali. Lakini ukikariri mgawanyo huu na kuishia hapo utapotea. Nimeona MSc isiyo na tasnifu ya data, na nimeona MPH yenye takwimu nzito kuliko MSc nyingi. Urefu nao unatofautiana: Uingereza uzamili wa aina hii huchukua mwaka mmoja wa masomo mfululizo, Marekani MPH ya kawaida ni miaka miwili. Mwaka mmoja una bei yake: hakuna muda wa kubadili mawazo katikati, na tasnifu inaandikwa miezi michache tu baada ya kujifunza mbinu zenyewe.

Kwa hiyo fungua mtaala, usiishie kwenye ukurasa wa makaribisho wenye picha za watu wanaocheka. Hesabu masomo ya lazima ya takwimu na epidemiolojia, usijumlishe yale ya kuchagua, kwa sababu la kuchagua linaweza lisifundishwe mwaka wako. Angalia wanatumia programu gani ya kompyuta kuchambua data. R ni ya bure na utaondoka nayo. Nyingine leseni yake inakwisha siku kitambulisho chako cha mwanafunzi kinapokwisha. Halafu tafuta kazi ya mwisho ni nini hasa: tasnifu ya data mpya, uchambuzi wa data zilizopo, mapitio ya machapisho, mpango wa mradi, au mtihani.

Hapa nina kidonda changu. Programu yangu ya kwanza ilikuwa na neno epidemiolojia kwenye jina, na mimi nikaridhika na jina. Somo la uchambuzi wa data tulifundishwa kwa slaidi, darasani, bila kompyuta hata moja. Mhadhiri ambaye wasifu wake ndio ulionivuta alikuwa likizo ya utafiti kwa muda wote niliokuwa pale; nilimwona mara moja, kwenye ngazi. Regresheni nilijifunza mwenyewe usiku, baada ya kuajiriwa, nikiogopa mtu asije akaniomba nieleze matokeo niliyoyaandika. Chuo sikitaji, kosa la kutouliza lilikuwa langu nusu. Tangu hapo swali langu la kwanza kwa ofisi ya udahili ni hili: msimamizi huyu yupo mwaka ujao, na anachukua wanafunzi wangapi?

Kuhusu ithibati, yaani programu kuthibitishwa rasmi kwamba inafikia viwango, watu huiogopa kupita kiasi au huipuuza kabisa. Marekani mwenye kazi hiyo ni CEPH, baraza la elimu ya afya ya umma lililoanzishwa 1974. Ulaya kuna APHEA, wakala wa kazi hiyo hiyo. CEPH inadai MPH isipungue krediti 42 za mihula, na tangu vigezo vya 2016 imeachana na mtindo wa zamani wa maeneo matano ya msingi, badala yake inadai kila mhitimu aoneshe umahiri 22. Inadai pia mafunzo kwa vitendo yaache kazi zinazoonekana, angalau mbili. Hiyo ni sakafu nzuri, kwani chuo hakiwezi kukupa cheti cha MPH kwa masomo ya wikiendi tatu. Ila sakafu si dari, haikuambii kama utafundishwa vizuri. Nje ya nchi hizo, la maana zaidi ni kama mamlaka ya vyuo vikuu ya nchi utakayofanyia kazi inaitambua shahada hiyo. Uliza kabla ya kulipa. Kuna watu wamerudi na vyeti vizuri wakakaa mwaka wakifuatilia mihuri. Programu za mtandaoni ziingie kwenye kipimo hicho hicho. Mimi sina ugomvi nazo, isipokuwa mafunzo kwa vitendo wanakutafutia wao au unajitafutia mwenyewe? Mara nyingi ni mwenyewe.

Kuna njia ambayo wengi hawaijui, nayo ni kusoma ukiwa kazini. Mwaka 1951 Alexander Langmuir alianzisha Marekani kikosi cha maofisa wa ufuatiliaji wa magonjwa, EIS, ambao walijifunza kwa kutumwa kwenye milipuko. Mfano huo ulitoka nje ya Marekani na kuzaa programu za epidemiolojia ya uwandani, FETP, katika nchi nyingi, Thailand ikiwa ya kwanza nje ya Amerika ya Kaskazini, mwaka 1980. Zina ngazi: ya awali miezi mitatu hivi, ya juu miaka miwili, na baadhi ya nchi zimeiunganisha hiyo ya juu na shahada ya uzamili. Kwa mtumishi wa serikali ambaye kiti chake ni kile cha mchunguzi wa milipuko, mimi ningeomba huko kwanza kabla ya chuo chochote chenye jina kubwa. Unafanya kazi, unasimamiwa na mtu aliyewahi kukosea kabla yako, na data unazochambua zina watu nyuma yake.

Anayetaka kuendelea hadi uzamivu afikirie mapema. PhD inakutaka uzalishe maarifa mapya. DrPH, udaktari wa afya ya umma, inakutaka uongoze taasisi na sera, na mara nyingi inataka uje na uzoefu wa kazi. Ukiwa unaelekea PhD, uzamili wenye tasnifu utakurahisishia njia. Ukiwa unaelekea DrPH, miaka yako ya kazi itazungumza zaidi ya alama.

Na aliyemaliza shahada ya kwanza mwezi uliopita? Nitasema jambo lisilopendwa: subiri. Fanya kazi mwaka mmoja au miwili, hata kama ni kuingiza data au kusimamia wahojaji. Utaingia darasani ukijua swali, na kwenye mjadala wa lile tangi hutakuwa unasikia neno "tangi" kwa mara ya kwanza. Nimechambua maombi ya kutosha kuona tofauti kwenye aya ya pili ya barua ya nia.

Ada, naam. Jumlisha ada, maisha, na mshahara utakaouacha, kisha gawa kwa nyongeza utakayopata kwenye kiti unachokitaka. Mkopo mkubwa kwa ajili ya kiti cha mshahara mdogo ni mzigo utakaokufanya ukimbie kiti hicho ndani ya miaka mitatu. Ufadhili wa nusu nao una ujanja wake: soma kama ni wa mwaka wa kwanza tu.

Mwaka juzi muuguzi mmoja aliyefanya kazi wodini miaka saba aliniandikia akiwa na barua mbili. Moja ilitoka chuo ambacho kila mtu analijua jina lake, nyingine chuo cha kawaida. Nikamwomba vile vichwa kumi. Alihangaika kuvipata, chuo kimoja kilikuwa navyo kwenye hifadhi yake ya mtandaoni, kingine ilibidi aandike barua pepe tatu. Aliponitumia, nilikuwa safarini, nikachelewa kumjibu siku mbili. Nilipofungua simu nikakuta ameshaandika tena: "Nimevisoma vyote usiku. Kwenye orodha ya kile chuo kikubwa hakuna hata kichwa kimoja ambacho ningependa kukisoma, sembuse kukiandika."

Mwisho wa kuthibitisha nafasi ulikuwa Ijumaa. Barua ya kukataa aliituma Jumatano.