Anza na kidevu, rangi baadaye

Kijana akija kwangu mara ya kwanza akitaka sura ya kike, karibu kila mara anakuja na mfuko mkononi. Ndani kuna wanja, rangi ya mdomo nyekundu, kope za bandia, na poda iliyo nyeupe kuliko shingo yake. Namwomba aufunge huo mfuko, avute kiti hadi dirishani, anyanyue kidevu. Hapo, kwenye mwanga wa asubuhi, ndipo tunapoona kazi yenyewe iko wapi.

Mimi ni mpambaji hapa Kitangiri, Mwanza. Jumamosi zangu ni za maharusi. Katikati ya wiki nafanya kazi na vikundi vya maigizo, na kwenye vikundi hivyo nafasi ya shangazi au mama mkwe mara nyingi humwangukia mvulana, kwa sababu mazoezi huisha usiku na wazazi hawawaachii mabinti. Wapo pia wanaume wasiokuja kwa ajili ya jukwaa. Wanakuja kwa ajili yao wenyewe, wanataka wajione kwenye kioo kama wanavyojisikia moyoni. Hao nawapokea chumba cha nyuma, pazia likiwa limeshushwa, na sijawahi kumwuliza hata mmoja kwa nini. Ninayoyaandika hapa ni yale yale ninayowaambia wote, maana ngozi ni ngozi na heshima ni heshima.

Kazi hii ina wazee wake. Japani ilipowakataza wanawake kupanda jukwaa la kabuki, maigizo ya jadi ya huko, mwaka 1629, wanaume walizichukua nafasi zao, na onnagata, yaani waigizaji wa kiume wa nafasi za kike, wapo hadi leo. Uingereza wavulana ndio waliocheza mabinti na malkia hadi 1660 hivi, wanawake walipoanza kuruhusiwa jukwaani. Uchina alikuwepo mwigizaji Mei Lanfang (1894–1961), aliyefundishwa tangu utotoni na kupata sifa hadi Marekani kwa nafasi za kike. Nawataja kwa sababu moja: walitumia miaka kujifunza kusimama, kugeuza shingo na kushika kitambaa. Rangi ya uso ilikuwa sehemu ndogo ya elimu yao.

Turudi kidevuni. Ndevu hata zikinyolewa leo asubuhi, mizizi yake inaonekana chini ya ngozi kama kivuli cha samawati au cha kijivu, kuzunguka mdomo na kushuka hadi shingoni. Huu ndio wakati wengi wanapokosea, na mimi nilikosea kabla yao. Mwaka wangu wa kwanza na kikundi cha maigizo nilimpaka kijana mmoja foundesheni nene, hatua moja nyeupe kuliko ngozi yake, nikidhani nimezifuta ndevu. Nyuma ya pazia alionekana safi. Taa zilipowaka, kidevu chake kikawa na rangi ya majivu, kama mtu aliyetoka kubeba mifuko ya saruji. Watu walinyamaza, na yule kijana alilijua lile kosa kabla yangu. Aliumia, na sikulala vizuri usiku ule.

Sababu yake ni hii. Ukiweka rangi nyeupe juu ya samawati unapata kijivu. Samawati huuawa na rangi ya chungwa. Kwa ngozi ya maji ya kunde tumia chungwa lenyewe. Kwa ngozi nyeusi sana tumia nyekundu ya tofali. Kama huna kopo maalumu la kazi hiyo, rangi ya mdomo ya tofali isiyong'aa inatosha. Paka kidogo sana kwa ncha ya kidole, gongagonga bila kusugua, kwenye kivuli tu. Pigilia poda isiyo na rangi, subiri dakika mbili, ndipo uweke foundesheni ya rangi yako kamili, ile inayopotea ukiijaribu chini ya taya. Nayo uigonge. Ukisugua, unalichimbua lile chungwa na kazi yote inaharibika.

Kabla ya hapo kuna kunyoa. Nywele zetu zimejikunja, na unywele uliojikunja ukikatwa mfupi mno unarudi kuchoma ngozi kwa ndani. Vile vipele vigumu vya kidevuni na shingoni asili yake ni hiyo, na hakuna rangi inayofunika kipele. Osha uso kwa maji ya uvuguvugu, acha povu likae dakika tatu, tumia wembe mpya wa makali mamoja, fuata nywele zinakoelekea, na usiivute ngozi. Ukishaivuta, unywele unakatwa chini ya usawa wa ngozi, halafu unazama. Unga wa kunyolea unawafaa wengi wenye vipele, ila ujaribu kwanza ndani ya mkono, subiri siku nzima, na usiuache usoni zaidi ya muda ulioandikwa kwenye kopo. Sukari na ndimu waachie miguu na mikono. Kwenye ndevu hung'oa unywele, na unywele mpya unapoota hupotea njia. Mwenye uwezo wa kufikiria leza ya kuondoa nywele aulize jambo moja tu: kwa ngozi nyeusi mashine iliyo salama zaidi ni ile iitwayo Nd:YAG, ya nanomita 1,064. Nyingine zinaweza kuunguza.

Sasa naomba unisikilize vizuri kuhusu mkorogo. Vijana wengi wanaamini kuwa uso wa kike ni uso mweupe, kwa hiyo wanaanza kujichubua miezi kadhaa kabla hawajashika hata brashi. Zebaki iliyomo kwenye baadhi ya krimu hizo inaharibu figo. Haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, ikitumika kwa muda mrefu inaweza kuleta madoa ya samawati-nyeusi mashavuni, madoa yasiyoondoka kirahisi. Steroidi zinaikonda ngozi hadi wembe unaichana kama karatasi. Mkataba wa Minamata, makubaliano ya kimataifa kuhusu zebaki, ulitaka vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu 1 kwa milioni viachwe kutengenezwa na kuuzwa kufikia 2020, na hapa kwetu vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu 2019, lakini vikopo visivyo na lebo bado vinapita mkono kwa mkono. Na kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: ngozi ikishakuwa nyeupe, kivuli cha ndevu ndiyo kinazidi kuonekana. Ngozi yako nyeusi inakusaidia. Mwanamke mrembo wa Mwanza ni mweusi, na wewe hujapungukiwa kitu.

Nyusi za wanaume huwa zimekaa chini, juu ya mfupa uliojitokeza, na ncha yake ya nje imelala. Kama unaishi kwenye nyumba ambayo nyusi zilizotindwa zitakuletea maswali, usizitinde. Lowesha sabuni ya mche, pitisha mswaki mdogo juu yake, kisha zichane nyusi kwenda juu zikauke. Ng'oa tu vile vinywele vichache vilivyo chini ya mstari. Macho yanafunguka bila mtu kujua nini kimefanyika. Wanja kidogo, kope kidogo. Rangi ya mdomo usiikazie sana, na ukiwa nje jioni usitumie ya kung'aa kama mafuta: wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda angani kama moshi wakishuka ufukweni, wanaganda mdomoni mmoja mmoja.

Nywele ni rahisi kuliko wengi wanavyofikiri. Paji la uso la mwanamume huingia ndani kwenye pembe mbili, na pembe hizo ndizo za kufunika. Wigi lenye nywele za mbele linatosha. Kilemba cha kitenge kinafanya vizuri zaidi na bei yake ni ndogo, mradi ukishushe kidogo kwenye paji na fundo ulipeleke kisogoni. Mwanza kina mama wanafunga vilemba kila siku, hakuna atakayegeuka.

Kwenye nguo, fundi cherehani ni rafiki mkubwa kuliko mpambaji. Mwambie apandishe kiuno. Mwanamume amezoea mkanda chini ya kitovu. Kiuno cha gauni kikae vidole vitatu juu ya kitovu, na kuanzia hapo sketi ipanuke. Mabega mapana yanapunguzwa na mkono unaoanzia shingoni na ukosi uliokatwa kwa pembe kushuka kifuani. Mikono iliyovimba begani ikimbie. Kikoromeo usikifunge kitambaa kidogo cha shingoni, maana kitambaa hicho ndicho kinachoyaita macho. Mkufu mrefu unaoshuka kifuani unayapeleka kwingine. Bangili pana huufanya mkono uonekane mwembamba. Viatu vya kike vya namba 43 havipatikani kirahisi madukani, lakini ukiwahi soko la Mlango Mmoja mzigo wa mitumba unapofunguliwa, unaweza kuvipata. Chagua vya chini. Hakuna haja ya kuongeza urefu.

Nyonga zinatengenezwa. Kipande cha sponji la godoro cha unene wa inchi mbili, kata umbo la jani, kisha punguza kingo kwa mkasi hadi ziwe nyembamba kabisa, vaa kati ya taiti mbili. Bila kupunguza kingo, mstari unaonekana hata chini ya dera. Asiyetaka usumbufu huo achukue kanga na kuifunga kiunoni juu ya gauni, kama mama aliyetoka jikoni. Kanga ile inaongeza nyonga bure, na inaupa mkono kitu cha kushika.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo ninapoona mabadiliko makubwa kuliko rangi yoyote. Nina ndoo ya lita kumi uani. Kijana anaibeba kichwani, imejaa nusu, anatembea kutoka kwenye bomba hadi ukutani na kurudi. Jioni ya kwanza maji yanamwagika mabegani, kwa sababu anatembea kwa mabega: bega la kulia, bega la kushoto, kama anapita katikati ya watu sokoni Kirumba. Namwambia atulize kifua na aache nyonga ndizo zipokee hatua. Hatua inakuwa fupi, miguu inakaribiana, viwiko vinarudi mbavuni vyenyewe. Kijana mmoja wa Igoma alichukua jioni tatu. Ya tatu alifika ukutani bila tone kumwagika, akageuka taratibu na ndoo bado iko kichwani, na mama jirani aliyekuwa anaanika dagaa upande wa pili wa uzio akamwamkia, "Mwadila, mayu?" yaani habari za jioni, mama, kwa Kisukuma. Hakuwa na hata poda usoni.

Kupiga magoti nako kuna elimu yake. Katika desturi ya Kisukuma mwanamke humpigia magoti mkubwa anapomsalimia. Wavulana wanashuka magoti yakiwa yameachana, kama wanaokota kitu. Mwanamke anashuka magoti yakiwa pamoja, mkono mmoja umeshika kanga isifunguke, macho yameinama kabla goti halijagusa chini. Hayo macho ndiyo yanayosahaulika.

Sauti usiibane. Ile sauti nyembamba ya kuigiza inachekesha dakika moja na kuchosha koo dakika ya pili. Sauti ya mwanamume kwa wastani hutetemeka mara 100 hadi 130 hivi kwa sekunde, ya mwanamke inakaribia 200, lakini huhitaji kufika huko. Ukipanda kidogo tu, hadi 165 au 180, kinachobaki ni mahali sauti inaposikikia. Weka kiganja kifuani, vuma "mmm" mdomo ukiwa umefungwa: kifua kinatetemeka. Endelea kuvuma ukiisogeza sauti mbele, kwenye midomo na pua, hadi kiganja kisisikie kitu kikubwa. Kisha ongea ukiwa pale pale. Dakika kumi kwa siku. Koo likikwaruza, nyamaza, kunywa maji, rudi kesho.

Wapo wanaoninong'oneza kuhusu vidonge vya uzazi wa mpango, wamesikia vinalainisha mwili. Ndugu yangu, usivimeze kwa ushauri wa kijiweni. Baadhi vina homoni zinazoweza kugandisha damu kwenye mishipa, hasa kwa mvutaji sigara na mwenye presha, na havitazing'oa ndevu zako wala kuipandisha sauti iliyokwisha kushuka. Jambo la homoni ni la daktari, pamoja na vipimo vya damu. Kama huna daktari unayeweza kumwambia ukweli, subiri hadi umpate.

Najua pia mji wetu si mpole kwa kila mtu. Kwa hiyo kuondoa rangi nakufundisha kwa uangalifu ule ule wa kuipaka. Mafuta ya nazi kwenye pamba, bonyeza juu ya jicho ukihesabu hadi ishirini, futa kwenda chini. Rudia. Sabuni laini, maji ya uvuguvugu, taulo jeusi. Kisha mwite dirishani yule mmoja unayemwamini aangalie sehemu tatu: mizizi ya kope za chini, ambako wanja hujificha, mstari wa nywele karibu na sikio, na ukosi wa shati. Wengi wamejulikana kwa alama ya poda kwenye ukosi. Mimi hutembea na kitambaa chenye maji hadi mlangoni, na pikipiki haiitwi mpaka sehemu zote tatu ziwe safi.