Kwa nini hospitali ya umma Malindi humpa methadoni bure mtu "aliyejitakia"?

Suali hili huulizwa sana mabarazani Malindi, tena kwa uchungu. Mama aliyepanga foleni tangu alfajiri na mtoto mwenye homa huambiwa dawa imekwisha, akanunue nje, na papo hapo kijana aliyezoea unga, yaani heroini, anameza methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo, bila kutoa hata shilingi. Wahenga walisema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Mbona huyu anaambiwa?

Kliniki ya methadoni katika hospitali ya umma ya Malindi ilianza mwaka 2015, muda mfupi baada ya ile ya Mathari, Nairobi, iliyofunguliwa Desemba 2014. Methadoni ni jamii moja na heroini, na ubongoni hushika palepale. Tofauti kubwa ni muda. Heroini hutuliza saa 4 hadi 6, kisha arosto, yaani mateso ya mwili uliozoea ukikosa unga, inaanza kunyemelea: miayo, kamasi, vinyweleo kusimama, kuharisha, mifupa kuuma. Ndiyo maana mtu husaka kete, kifurushi kidogo cha unga, mara 3 au 4 kwa siku, na sufuria ya mamake hutoweka jikoni. Methadoni hunywewa mara moja, na kipimo kikiwa sawa humshika mtu kutwa kucha bila kumlevya.

Kwenye kipimo ndipo penye hatari. Huanza chini, kwa kawaida miligramu 30 au pungufu, kikapandishwa polepole. Wengi hutulia kati ya 60 na 120. Anayeanza hudhani muuguzi anamnyima makusudi. Kumbe dawa hii hujilimbikiza: ya jana haijaisha mwilini, ya leo inaingia. Anayeongezewa kwa pupa, au anayechanganya na pombe au vidonge vya usingizi, anaweza kukatika pumzi akiwa amelala. Wiki 2 za mwanzo ndizo za kuchungwa zaidi. Na anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampisini lazima aseme, maana dawa hiyo hulifanya ini liivunje methadoni haraka, arosto ikarudi ilhali hakukosa dozi hata moja.

Sasa turudi kwa huyo "aliyejitakia". Dereva wa bodaboda akianguka bila kofia ngumu, hashonwi kichwa kwanza? Mwenye kisukari asiyeacha chai ya sukari tele, mguu ukioza hatibiwi? Hakuna anayewauliza walikosea wapi, na ni haki wasiulizwe. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya afya, na kinakataza kumnyima yeyote matibabu ya dharura. Hakikutenga waliokosea. Daktari naye hana mizani ya kupimia ni kiasi gani cha uraibu kilitokana na hiari, kiasi gani na umri wa miaka 15, ukosefu wa kazi au maumbile ya kurithi.

Wengi hutetea kliniki kwa hoja ya kinga: sindano ikipokezanwa hueneza VVU na homa ya ini aina ya C, na mke asiyegusa unga huambukizwa virusi nyumbani. Hoja ni ya kweli, lakini haitoshi. Hata angekuwa hana mke wala mtoto, bado angestahili kutibiwa. Isitoshe, methadoni imeegemea sana fedha za wafadhili zilizotengewa mpango huo, kwa hivyo kumfukuza yeye hakujazi rafu ya dawa za watoto. Uhaba ule una wenyewe wa kuulizwa.

Wajibu wa mgonjwa haukufutwa. Unadaiwa kuanzia leo kwenda mbele. Kwa kawaida anatakiwa kufika kila siku, Jumapili na Idd pia, anywe mbele ya mhudumu, kisha aseme neno ili ionekane kinywa ki tupu. Hupimwa mkojo. Akikosa siku 3 au zaidi mfululizo, hapewi kipimo chake cha zamani mpaka akaguliwe upya, kwa kuwa mwili umeanza kukisahau. Kwa anayetoka Watamu au Mambrui, wajibu huu ni nauli ya kila siku, na wengi huangukia hapo. Ramadhani, dozi ya mchana huvunja saumu; kuihamishia baada ya futari kunawezekana kitabibu, ila kunataka wahudumu wa jioni.

Mtihani mgumu ni wa yule ambaye mkojo wake bado unaonyesha heroini, au anayetema dozi akauze. Kumtoa wa kwanza ni kosa: heroini ikiwa bado imo, mara nyingi kipimo cha methadoni ni kidogo, basi kiangaliwe. Wa pili anahatarisha maisha ya wengine, kwa sababu miligramu 80 kwa asiyezoea zinaweza kuua. Huyo anyweshwe kwa uangalizi mkali zaidi, apewe na maji ya kunywa juu yake. Ikibidi kabisa kumtoa, mathalani kwa kuwapiga wahudumu, dozi hupunguzwa kwa wiki kadhaa badala ya kukatwa ghafla, na yeye pamoja na watu wake waelezwe wazi kwamba akishaacha methadoni, kete aliyoimudu zamani sasa inaweza kumuua.