Je, wajua kwa nini pikipiki iliyolala mwaka mzima hugoma kuwaka?

Kila Desemba mji wa Moshi hujaa watu waliorudi nyumbani. Huko mgombani, kuanzia Machame hadi Marangu, pikipiki iliyofunikwa turubai nyuma ya nyumba tangu Januari hutolewa nje. Ilipoachwa ilikuwa ikiwaka kwa kiki moja. Sasa inapigwa kiki mpaka jasho linamtoka mtu, na iko kimya. Haijatembea hata kilomita moja, imeharibikaje?

Imeharibiwa na vitu viwili vilivyobaki ndani yake: petroli na hewa yenye unyevu.

Petroli ni mchanganyiko wa kemikali nyingi. Zile nyepesi, ambazo ndizo huwaka upesi injini ikiwa ya baridi, ndizo hutangulia kuyeyukia hewani. Zinazobaki huungana na oksijeni polepole, zikageuka utando wa njano unaonata kama gundi. Tangini madhara huchelewa kwa kuwa mafuta ni mengi. Lakini bakuli la kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, hubeba vijiko vichache tu, na humo miezi michache inatosha. Ukilifungua utapokewa na harufu kali ya kuchachuka, tofauti kabisa na ya petroli ya leo.

Anayeumia kwanza ni jeti ndogo, kijibomba cha kupitisha petroli ndani ya kabureta, ile inayolisha injini wakati wa kuwasha na inaponguruma bila resi. Tundu lake halifiki hata nusu milimita. Ichomoe, ielekeze kwenye mwanga wa jua, uchungulie. Ukiona nukta ya mwanga iliyo duara kamili, ni safi. Ukiona mwanga umemegwa upande mmoja, utando bado upo. Iloweke kwenye dawa ya kusafishia kabureta, pitisha unywele wa nailoni kutoka kwenye brashi, kisha ipulize kwa upepo wa pampu. Tafadhali usichokoe kwa sindano wala waya wa chuma. Jeti ni ya shaba, ni laini. Ukilipanua tundu, pikipiki itakunywa mafuta siku zote na plagi itajaa masizi. Na kazi hii ifanyie uani, mbali na jiko la mkaa, maana mvuke wa petroli hutambaa chini na kufuata moto ulipo.

Unyevu nao una njia yake. Mchana tangi hupata joto na hewa ya ndani hutoka kupitia tundu la mfuniko. Usiku wa baridi wa miteremko ya Kilimanjaro hewa iliyo ndani ya tangi husinyaa na kuvuta hewa mbichi ya nje, hasa wakati wa masika, Machi hadi Mei, na ukungu wa Juni na Julai. Mvuke hugeuka matone juu ya bati lisilo na mafuta, matone yakashuka. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini kabisa, palepale penye bomba la kwenda kabureta, na kutu huanzia hapo. Kutu ya kawaida hutoka kwa siki: jaza tangi, acha usiku kucha, tikisa na kokoto chache, suuza, kisha likaushe mara moja na kulipaka oili kwa ndani. Chuma kilichosafishwa kikiachwa na maji hushika kutu upya siku hiyohiyo.

Hewa hiyohiyo huingia hata kwenye silinda, kwa sababu injini ikizimika huenda valvu moja, yaani mlango wa kupitisha hewa, ikabaki wazi. Ringi za pistoni zinaweza kugandishwa na kutu. Ndiyo maana nasisitiza: usianze na kiki. Toa plagi, mimina kijiko cha oili tunduni, acha hadi kesho. Kisha weka gia ya juu na uzungushe tairi la nyuma kwa mkono, taratibu. Likizunguka, injini iko hai. Wanaoanza na rangi na siti mpya wanapamba kitu ambacho bado hawajajua kama kitapona.

Betri ya asidi iliyokaa bila chaji huota sulfeti ngumu kwenye sahani zake. Ikiwa imejaa chaji husoma takriban volti 12.6; isipofika hapo hata baada ya kuchajiwa, nunua nyingine. Tairi litazame ubavuni: tarakimu 2319 zina maana limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, kwa hiyo limezeeka hata kama kashata zake, yaani meno yake, bado ni ndefu.

Januari ukiondoka, jaza tangi ili hewa isipate nafasi, funga bomba la mafuta na uache injini ingurume mpaka izimike yenyewe, bakuli libaki tupu. Toa betri. Kama kuna ndugu anayebaki nyumbani, afadhali zaidi: mwachie ufunguo aende nayo sokoni kila wiki. Kuiwasha dakika mbili uani hakusaidii, kwa sababu injini haipati joto la kutosha kufukuza maji yaliyoingia kwenye oili.