Injini ya 1KZ-TE na themostati iliyotupwa: dhana potofu na ukweli

Gari lilivutwa hadi karakana asubuhi, na kabla sijafungua boneti mwenye gari aliniambia kwamba themostati, yaani valvu ya joto inayoongoza njia ya maji ya kupozea injini, ilikwisha kutolewa siku nyingi, kwa hiyo niondoe shaka kuhusu upozaji na nitafute ugonjwa kwingine. Lilikuwa Toyota Prado lenye injini ya dizeli ya 1KZ-TE. Nilipoubana kwa vidole mpira wa juu unaopeleka maji kwenye rejeta, kile kipoza maji cha mbele ya gari, niliukuta mgumu, umejaa shinikizo, ilhali injini ilikuwa imelala usiku kucha bila kuwashwa. Mpira wa injini nzima huwa laini ikishapoa. Ukibaki mgumu hadi asubuhi, kuna gesi ya mwako iliyoingia kwenye njia za maji, na kwa injini hii maana yake karibu kila mara ni hedi iliyopasuka, yaani kile kichwa cha injini kinachofunika silinda kwa juu, au gasketi iliyoungua kati yake na bloku.

Sentensi ile ya themostati nimeisikia mara nyingi mno, na siku hizi huja pamoja na ndugu yake: kwamba hedi ya 1KZ ina ugonjwa wa kuzaliwa, itapasuka tu utunze usitunze. Dhana hizi mbili hulishana. Mtu anaamini hedi ni dhaifu, anatoa themostati ili kuilinda, hedi inapasuka, naye anarudi akiwa na uthibitisho mkononi.

Niseme kwanza lililo kweli katika lawama hiyo. Hii ni injini ya silinda 4, sentimita za ujazo 2982, yenye bloku la chuma cha kusubu na hedi ya alumini, na alumini hutanuka kwa joto takribani mara mbili ya chuma hicho. Dizeli hairushwi moja kwa moja juu ya pistoni, bali ndani ya vyumba vidogo vya mzunguko vilivyomo kwenye hedi yenyewe, ambako mwako huanzia kabla ya kutoka kwa kishindo kuingia silinda. Mpangilio huo huifanya hedi ibebe joto kubwa na kulikabidhi kwa maji, zaidi ya ilivyo katika injini zinazorusha dizeli moja kwa moja. Sehemu nyembamba iliyo kati ya valvu na pembezoni mwa vyumba hivyo ndiyo inayopasuka. Kwa hiyo hedi hii haisamehe upozaji mbovu, lakini kutosamehe ni jambo moja na kuzaliwa mgonjwa ni jambo jingine. Nimefungua injini za aina hii zilizotembea umbali mrefu sana hedi zikiwa salama, na zote zilikuwa na kitu kimoja cha kufanana: mfumo wa maji haukuwa umechezewa.

Sasa turudi kwenye themostati. Wengi huifikiria kama kizibo kinachozuia maji, kwamba ukiking'oa maji yatapita kwa uhuru na injini itapoa zaidi. Ile ya injini hii ina visahani viwili. Injini ikiwa baridi, kisahani cha kwanza hufunga njia ya kwenda kwenye rejeta, na maji huzunguka ndani ya injini kupitia njia ya mkato ili ipate joto upesi. Joto linapokaribia nyuzi 80, nta iliyo ndani hutanuka, kisahani cha kwanza hufungua njia ya rejeta, na wakati huohuo kisahani cha pili, kile ambacho hakuna anayekitazama, huziba njia ya mkato ili maji yote yalazimike kupita kwenye rejeta. Ukiitoa themostati, njia zote mbili hubaki wazi daima. Unapokwenda taratibu mahali tambarare, injini haifikii joto lake, inakula dizeli zaidi na kuchakaa haraka. Unapopanda mlima mrefu ukiwa na mzigo, yaani pale unapohitaji kila tone lipite kwenye rejeta, sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye pampu kupitia mkato bila kupozwa hata kidogo. Aliyeitoa kwa ajili ya usalama ameondoa usalama huo mahali hasa ulipohitajika.

Hata mafundi wanaokubaliana nami juu ya kuirudisha mara nyingi hutoa sababu isiyo sahihi, wakidai kwamba bila themostati maji hupita kwenye rejeta haraka mno kiasi cha kukosa muda wa kupoa. Maji yanayopita haraka hayapozwi vibaya kwa sababu ya kasi hiyo. Tatizo ni yale yasiyopita kabisa.

Kama unashuku themostati yako, usiitupe. Itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, uinjike jikoni, kisha uangalie inaanza kufunguka kwenye nyuzi ngapi na inafunguka kiasi gani. Maji yakiwa yanakaribia kuchemka inapaswa kuwa imefunguka takribani milimita 8. Isipofunguka, nunua mpya yenye kisahani cha pili, maana madukani zipo zinazoingia vizuri kwenye nafasi yake lakini hazina kisahani hicho.

Gari linalochemsha likiwa na themostati nzima lina sababu nyingine, na sababu zenyewe si nyingi. Mara nyingi mabomba ya rejeta yamezibwa kwa ndani na magamba, kwa sababu mwenye gari amekuwa akijaza maji matupu kwa imani kwamba kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, ni ya nchi zenye barafu. Kazi ya kulanti si kuzuia kuganda tu. Huzuia bloku lisiote kutu na alumini isiliwe, na hupandisha kiwango cha kuchemka. Mara nyingine matope na majani yamejaa kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi, mahali ambapo huwezi kupaona bila kuvifungua. Au kiunganishi cha feni kimeishiwa mafuta yake ya silikoni: zima injini ikiwa ya moto, izungushe feni kwa mkono, na ikizunguka huru bila ukinzani, basi haivuti hewa ya kutosha. Kifuniko cha rejeta nacho hudharauliwa kwa sababu ni kidogo, ilhali shinikizo la karibu baa 0.9 kinalolishikilia ndilo linalofanya maji yasichemke hadi karibu nyuzi 118 kwenye usawa wa bahari. Mpira wake ukilegea, maji huanza kuchemka mapema sana, na mapovu ya mvuke ndani ya hedi hayabebi joto.

Nyongeza ndogo kuhusu geji ya joto, kwa kuwa kila mteja huniapia kwamba mshale haukupanda. Mshale wa magari haya ulitengenezwa utulie katikati kwa upana mkubwa wa joto, na unapoanza kusogea injini imekwisha kupata shida. Isitoshe, maji yakimwagika yote, kihisi hubaki hewani na mshale unaweza hata kushuka, dereva akaendelea na safari kwa moyo mweupe. Ninawashauri wote wafunge kipimajoto cha ziada kinachosoma namba na kengele ya kiwango cha maji. Ni vifaa vya gharama ndogo mno ukilinganisha na hedi.

Na tafadhali, usibadilishe hedi ukairudishia rejeta ileile ya zamani. Hedi ya pili hupasuka kwa sababu iliyoipasua ya kwanza, halafu lawama humwendea fundi.

Dhana nyingine hazihitaji maneno mengi. Wapo wanaosema injini ya lita 3 yenye nguvu farasi kati ya 125 na 145, kutegemea toleo, ni legevu. Hao wanasoma namba isiyo yenyewe. Uvutaji wake unatokana na msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, ambao hufika karibu niutoni-mita 290 katika toleo lisilo na intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) na takribani 340 katika lile lenye intakula, tena kwenye mizunguko 2000 hivi, kwa hiyo ukiipigisha kelele hadi 4000 unapoteza dizeli bure. Wapo pia wanaodhani kwamba 1KD-FTV iliyoirithi ni injini ileile kwa jina jipya. Kipenyo cha silinda, milimita 96, na safari ya pistoni, milimita 103, havikubadilika, lakini ile mpya ina valvu 16 badala ya 8 na mfumo wa reli ya pamoja, yaani bomba moja la shinikizo kubwa linalogawia silinda zote, unaorusha dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, na ushauri wa moja haufai kunakiliwa kwa nyingine.

Moshi mweusi si desturi ya dizeli za zamani. Ni dizeli isiyopata hewa ya kuungua, na husababishwa na chujio la hewa lililoziba, mpira wa turbo uliochanika au pampu ya dizeli iliyoongezwa kipimo na mtu anayetafuta nguvu za haraka. Nguvu hizo hulipwa kwa joto la ekzosi, nalo huishia kwenye hedi ileile. Kuondoa turbo ili injini idumu ni wazo baya zaidi, kwa sababu kipimo chote cha dizeli kimepangwa kwa kutegemea hewa ya turbo. Kuhusu kuiacha injini iungurume dakika kumi kabla ya kuzima, dakika moja au mbili zinatosha baada ya mlima au mwendo mkali, na ukitoka dukani kwa mwendo wa pole huhitaji hata hiyo moja. Oili kuwa nyeusi muda mfupi baada ya kubadilishwa ni masizi tu, kwa hiyo hesabu kilomita wala usihukumu kwa rangi.

Nimalizie na mkanda wa taimingi, ule unaopatanisha mwendo wa valvu na wa pistoni, kwa sababu wengi huitegemea taa ya dashibodi. Taa hiyo haiuoni mkanda. Huhesabu kilomita 100,000 kisha huwaka, na aliyekuwa na gari kabla yako angeweza kuizima kwa dakika chache bila kugusa chochote ndani. Mgandamizo wa injini hii ni 21.2 kwa 1, nafasi iliyobaki juu ya pistoni ni ndogo sana, na mkanda ukikatika valvu hugongana na pistoni. Mteja akiniambia taa haijawaka, ninafungua kifuniko cha mkanda mbele yake na kuukunja upande wenye meno ili aone mwenyewe nyufa zilizopo kwenye mashina ya meno.