Tawi la sororiti na makala ya Wikipedia: dhana potofu na ukweli

Sororiti ni vyama vya wanafunzi wa kike katika vyuo vikuu vya Marekani na Kanada, vile vyenye majina ya herufi za Kigiriki. Alpha Kappa Alpha ilianzishwa Chuo Kikuu cha Howard, Washington, mwaka 1908; Delta Sigma Theta ikazaliwa hapohapo mwaka 1913. Vyama hivi vina mamia ya matawi, na hakuna anayebisha kwamba chama chenyewe kinastahili makala. Ubishi uko kwenye tawi moja la chuo kimoja, na karibu kila mara huanza na dhana zilezile.

Dhana: Tawi lina miaka mia, haliwezi kukosa makala.

Umri haupimwi. Wingi wa wanachama nao haupimwi. Mwongozo wa Wikipedia ya Kiingereza kuhusu mashirika unasema matawi ya jumuiya za kitaifa kwa kawaida hayastahili makala ya peke yake, isipokuwa yale yaliyoandikwa kwa kina na vyanzo vya kuaminika vinavyovuka eneo la tawi. Neno letu "umaarufu", yaani sifa ya kustahili makala, linawapoteza wengi hapa, maana mtu akilisikia anafikiria kujulikana. Kinachotafutwa ni maandishi: kuna mtu asiye na uhusiano na tawi aliyeketi akaliandika? Kwa urefu gani? Na aliandika wapi?

Kwa hiyo kabla ya kuanza makala, panga vyanzo ulivyonavyo na ukiulize kila kimoja maswali manne. Mwandishi ana uhusiano na tawi au chama? Analieleza tawi lenyewe kwa aya kadhaa, au amelitaja akipita? Ameandika mwenyewe, au amenakili taarifa aliyotumiwa? Na chanzo kinasomwa nje ya mji ule? Swali la kwanza linaondoa tovuti ya tawi, jarida la chama na mara nyingi kitabu cha mwaka cha chuo. La pili linaondoa habari ya mistari sita kwamba wasichana wa tawi fulani walikusanya nguo za watoto Jumamosi: jina la tawi limo mara moja, mistari iliyobaki ni ya nguo. La nne hulemea gazeti la wanafunzi. Chanzo kilichoanguka bado kinaweza kuthibitisha tarehe au anwani. Hakiwezi tu kulibeba tawi mpaka kwenye makala yake. Vikibaki viwili au vitatu imara, andika. Kikibaki kimoja, subiri.

Dhana: Limeorodheshwa kwenye kitabu, basi chanzo kipo.

Kitabu kinachotajwa mara nyingi ni mwongozo wa Baird wa vyama vya vyuo vya Marekani, uliotoka kwanza mwaka 1879 na kufikia toleo la 20 mwaka 1991. Ni chanzo kizuri sana cha mwaka wa kuanzishwa na chuo. Lakini tawi humo hupewa mstari mmoja ndani ya orodha, na mstari huo wanao wote, hata matawi yaliyokufa zamani. Makala inayojengwa juu yake huwa mbegu, yaani makala changa, ya sentensi mbili, na haitakua.

Dhana: Mwanachama mashuhuri hulifanya tawi kuwa mashuhuri.

Kamala Harris alijiunga na Alpha Kappa Alpha akiwa Howard, yaani katika tawi la kwanza kabisa la chama hicho. Jambo hilo limo katika makala yake, na ndipo mahali pake. Umaarufu haurithiwi, si kutoka kwa mwanachama wala kutoka kwa chama mama. Matendo mema nayo hufuata aliyeyatenda: msaada wa Delta Sigma Theta kwa hospitali ya misheni huko Thika, Kenya, ulikuwa mradi wa chama kizima, kwa hiyo unaandikwa kwenye makala ya chama, hata kama tawi fulani lilichanga.

Dhana: Magazeti ya nchi nzima yaliandika, kwa hiyo tawi limefuzu.

Hapa hata wahariri wazoefu hujikwaa. Angalia magazeti yaliandika nini hasa. Alfajiri ya 15 Januari 1978 Ted Bundy aliua wanafunzi wawili katika nyumba ya sororiti ya Chi Omega, Tallahassee, Florida. Maandishi ni mengi mno, lakini yanaeleza mauaji na muuaji. Vivyo hivyo Oklahoma mwaka 2015: video ya wanachama wa Sigma Alpha Epsilon, chama cha wanaume, wakiimba wimbo wa kibaguzi ndani ya basi ilisababisha tawi kufungwa, na makala iliyopo inahusu tukio hilo. Na nyumba je? Nyumba kadhaa za vyama hivi katika kampasi ya Illinois, Urbana-Champaign, zimo kwenye daftari la taifa la maeneo ya kihistoria. Jengo la namna hiyo huweza kupata makala yake: mchora ramani, mwaka wa ujenzi, mtindo. Tawi lililokaa humo linapewa aya.

"Mbona tawi lile lina makala?" Huenda nalo linangoja kufutwa.

Dhana: Kufutwa ni uonevu, na dawa yake ni kuita watu.

Makala isiyoonyesha popote kwa nini tawi lina umuhimu inaweza kufutwa papo hapo bila mjadala. Ikiwa inaonyesha, mjadala hukaa siku saba, na kinachopimwa ni hoja, si idadi ya kura. Akaunti ishirini zilizofunguliwa jana zikisema "ibaki" humfanya mkabidhi, yaani msimamizi mwenye uwezo wa kufuta kurasa, ashuku zaidi. Akaunti yenye jina la tawi, inayopokezwa kutoka kwa katibu mmoja hadi mwingine, huzuiwa, kwa sababu akaunti ni ya mtu mmoja. Maandishi yaliyonakiliwa kutoka tovuti ya tawi huondolewa kwa haki miliki, hata kama aliyeyanakili ndiye aliyeyaandika, mpaka leseni itolewe rasmi.

Njia inayofanya kazi ni fupi. Fungua orodha ya matawi katika makala ya chama, ongeza safu moja: jina la tawi, tarehe ya hati ya kuanzishwa, chuo, mji, liko hai au limefungwa, na rejeo. Sororiti ya chuo kimoja tu, isiyo na chama mama, hiyo iwekwe kwenye makala ya chuo, sehemu ya maisha ya wanafunzi. Orodha ya viongozi wa mwaka huu iache, itachakaa kabla ya muhula kwisha. Kisha geuza ukurasa wa tawi uwe elekezo, yaani ukurasa unaompeleka msomaji moja kwa moja kwingine, kwenda kwenye safu ile. Maandishi ya zamani hubaki katika historia ya ukurasa, na siku mwanahistoria wa nje akitoa kitabu kuhusu tawi hilo, yanarudishwa kwa mbofyo mmoja na kuongezewa chanzo kipya.