Mguu Umeteguka, Usikimbilie Birika

Nilikuwa na miaka 19 nilipotegua kifundo cha mguu kwenye ndondo, soka la mtaani, hapa Chikongola, Mtwara mjini. Niliruka kupiga kichwa, nikatua juu ya kiatu cha beki, mguu ukapinduka mchangani. Saa mbili usiku maji yalikuwa yanachemka jikoni. Bibi alichovya kipande cha kanga, akakikamua, akanikanda kwa mikono ya mtu anayekupenda, mimi nimeuma mto. Asubuhi mguu ulikuwa umevimba kuanzia vidoleni hadi nusu ya kigimbi. Nilikaa nje wiki sita.

Dawa ya bibi ilikuwa dawa kweli, ila siku yake ilikuwa bado. Sasa ninawanoa vijana wa mtaa uleule, na kila msimu nasikia maneno yaleyale kutoka kwa watu wenye nia njema kabisa. Acha niyaweke hapa moja baada ya jingine.

"Kanda usiku uleule, damu isije ikavilia."

Hili ndilo linaloumiza wengi. Kifundo kinapopinduka, kano zinazoshikilia mifupa huvutika au kuchanika, na mishipa midogo ya damu hupasuka pamoja nazo. Damu na majimaji huvujia kwenye nyama, na huo ndio uvimbe unaouona. Joto hutanua mishipa ya damu. Ukilipeleka pale wakati mishipa bado inavuja, umeongeza kuvuja, na uvimbe unakua.

Kwa hiyo saa 48 hadi 72 za mwanzo maji moto yakae mbali. Na si maji moto tu: kuchuliwa kwa nguvu, pombe, na kujilazimisha kukimbia "ili mguu uzoee" vyote havifai siku hizo. Toka uwanjani. Funga bandeji inayoshika bila kutia vidole ganzi. Lala, mguu ukae juu ya mito, juu kuliko moyo.

Barafu je? Mwaka 1978 daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, alieneza kanuni ya kupumzika, barafu, kufunga na kuinua, na dunia nzima ya michezo ikaishika. Mwaka 2014 yeye mwenyewe alikiri kwamba barafu inaweza kuchelewesha kupona, kwa sababu hupunguza kazi ambayo mwili hufanya kujitengeneza. Mimi naitumia kwa kutuliza maumivu tu, saa chache za mwanzo, dakika 10 hivi kila mara. Barafu ya pakiti kutoka nyumba yenye friji inatosha kabisa, mradi uizungushie kitambaa, maana ikikaa juu ya ngozi tupu nayo huunguza.

Siku ya tatu au ya nne, weka mgongo wa kiganja juu ya kifundo kilichoumia, kisha juu ya kile kizima. Kama hakuna tofauti ya joto, na uvimbe haujaongezeka tangu jana, muda wa bibi umefika. Kanda dakika 15 hadi 20, halafu papo hapo uchezeshe kifundo: juu, chini, zungusha taratibu. Joto hulegeza nyama zilizokaza na kufanya kano zivutike kwa urahisi. Ukikanda kisha ukalala, utapata nafuu ya muda tu, kwa sababu faida kubwa iko kwenye lile zoezi linalofuata.

"Maji yakiwa makali ndiyo yanaingia ndani."

Hayaingii. Joto la kitambaa hufika takriban sentimita moja chini ya ngozi, na mafuta ya mwili hulizuia zaidi. Ukizidisha ukali, inayoumia ni ngozi. Maji ya nyuzi joto 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache tu. Yanayofaa ni ya nyuzi 40 hivi, na huhitaji kipimajoto: chovya kiwiko. Kama unaweza kukiacha humo umetulia, maji yamefaa.

Mwenye kisukari ambaye miguu yake imeanza kufa ganzi asijipimie mwenyewe, kwa sababu anaweza kuungua bila kuhisi. Amuulize kwanza mhudumu wa afya kama anafaa kukandwa. Na palipo na kidonda kibichi, au pekundu penye usaha na homa, pasikandwe kabisa.

Majani ya mbarika yaliyobabuliwa motoni nayo yanafuata sheria hizihizi za muda na ukali.

"Paja limegongwa goti, lisuguliwe mpaka bonge la damu livunjike."

Naomba mnisikilize vizuri hapa. Msuli wa paja ukigongwa vibaya, damu hujikusanya ndani yake. Ukiukanda kwa maji moto na kuusugua kwa nguvu siku hizo za mwanzo, unazidi kuuchana na kuchochea damu iendelee kumwagika. Katika baadhi ya majeraha ya namna hii, wiki kadhaa baadaye mchezaji hugundua kitu kigumu ndani ya paja, na goti halikunji hadi mwisho. Akipigwa eksirei, mfupa unaonekana umeota ndani ya nyama. Si uchawi. Ni ugonjwa unaojulikana na madaktari wa michezo, na kusugua mapema ni miongoni mwa mambo wanayokataza ili kuukwepa. Paja lililogongwa lifungwe bandeji, goti likae limekunjwa kadiri maumivu yanavyoruhusu, na mikono ya watu ikae mbali.

"Asidi imejaa miguuni, ikandwe itoke."

Haya ni yale maumivu ya siku ya pili baada ya mazoezi ya kwanza ya msimu, ukishuka ngazi kama mzee. Asidi inayosingiziwa, ile ya laktiki ambayo misuli hutoa ikifanya kazi kali, huwa imeondoka mwilini ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi. Kinachouma ni michubuko midogo ndani ya misuli iliyofanya kazi isiyoizoea. Lakini kukanda hapa ruksa! Hakuna kinachovuja, na joto hupunguza maumivu kweli. Mgongo uliokaza baada ya safari ndefu ya basi kwenda kucheza ugenini, hali kadhalika.

"Dawa ya kuchua inapasha misuli."

Inachopasha ni hisia. Pilipili na mentholi, kile kiini cha mnanaa, huamsha neva za ngozi zinazotambua joto na baridi, nazo hupeleka habari kwenye ubongo kana kwamba kuna moto au barafu. Mmarekani David Julius alitumia kiini cha pilipili kugundua jinsi neva hizo zinavyofanya kazi, akapata Nobel mwaka 2021. Dawa hizo hutuliza maumivu madogo, sawa. Ila usipake kisha ukaweka kitambaa cha moto juu yake, utababuka ngozi. Wala usidhani umekwisha kupasha. Wapo wanaosema Mtwara kuna joto, mazoezi ya kupasha ya nini. Jua la Shangani halichezeshi viungo vyako; dakika 10 za kukimbia taratibu ndizo zinazovichezesha.

"Kwanza tukande, ikishindikana hospitali."

Mahospitalini kuna kipimo rahisi cha kifundo kilichotengenezwa Ottawa, Kanada. Mtu akishindwa kupiga hatua nne, pale uwanjani na hata akifika hospitali, au akiumia unapobonyeza ukingo wa nyuma au ncha ya fundo la nje au la ndani, anahitaji eksirei. Hatua nne tu, hata akichechemea. Akishindwa, usichemshe maji wala usimwite mtu wa kuuvuta mguu. Uwekee kipande cha boksi gumu kila upande, funga na kanga mbili vilevile ulivyolala bila kuunyoosha, ita bajaji, mpeleke hospitali ya Ligula. Kama mko Lindi, hospitali ya Sokoine.